Kocha Halazimishi Mtu

Nianze na Kocha, maana nikianza na mwanangu nitalia, na leo sitaki kulia, nataka kusema. Kocha ana maneno yake anayoyapenda kuliko kitu chochote: "Mimi simlazimishi mtu." Huyasema taratibu, mikono nyuma, tumbo mbele, filimbi inaning'inia shingoni. Mzazi akiuliza mbona mtoto amerudi nyumbani hawezi hata kupanda ngazi, jibu ni simlazimishi mtu. Mtoto akizimia kwa jua, simlazimishi mtu. Na ni kweli kabisa, hajawahi kumlazimisha yeyote. Hapo ndipo ninapotaka kumtafuna mbichi.

Mimi ni dobi. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, upande wa pasi. Mashuka yanakuja kwa toroli, nayapitisha kwenye ile mashine ndefu ya kupiga pasi, nayakunja, nayapanga, na joto la humo ndani usiniulize. Jezi za timu nazo nazifua mimi, nyumbani, bure, kwa sababu siku moja nilijitolea kama mjinga na tangu hapo imekuwa haki yao. Timu ni ya besiboli. Najua, kwetu mtu akisema mpira ni wa miguu, na huu mwingine watu huuliza kama ni ule wa kupiga kwa gongo kisha unakimbia kuzunguka uwanja. Ndiyo, huo huo. Ila mwanangu si wa gongo. Mwanangu ni mrushaji. Anasimama katikati juu ya kilima kidogo cha udongo, wenyewe wanakiita kichuguu, anarusha mpira, na mwenye gongo anajitahidi kuupiga. Kwa mwanangu, wengi walikuwa wakipiga hewa.

Wanamwita Kombeo. Jina hilo alilipatia kazini kwangu. Alikuwa akitoka shule anakuja kunisubiri, na mtoto hawezi kukaa bila kushika kitu, basi anaviringisha taulo mbichi anazirusha kwenye toroli kutoka upande wa pili wa chumba. Hazikuwa zikianguka chini. Wenzangu waliacha kazi wakamtazama, msimamizi akaja juu, akafoka, kisha naye akavuta kiti akakaa kutazama. Alipopata mpira wa kweli ndiyo tukakoma. Alichora mraba kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, na kila alfajiri unasikia du, du, du, mpaka jirani akatuuliza kama tunajenga ghorofa. Hakunywa soda. Hakukesha na wenzake. Alilala ameshika mpira, vidole vimeshika mishono kama alivyofundishwa, na asubuhi nikimwamsha bado vimeshika.

"Mama," alikuwa akiniambia, "nikianza kulipwa kwa kurusha, wewe na pasi basi."

"Kwanza acha kurusha soksi chini ya kitanda," namjibu, "hayo mengine tutayaona."

Lakini moyoni nilikuwa nimeamini. Nisiseme uongo, niliamini kuliko yeye. Klabu za kulipwa zina watu wao wanaozunguka viwanjani kutafuta vijana, na kulikuwa na mmoja aliyesemwa sana. Sisi tulimwita Mwenye Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Huyo akikuangalia na akapenda, umetoka. Kombeo alimtaja mezani, akamtaja bafuni, nadhani alimtaja hata usingizini.

Sasa niwaeleze utaratibu wa Kocha, maana kila kitu kimekaa hapo. Timu nyingine mrushaji akichoka, kocha anaingia uwanjani, anachukua mpira, anampa mwingine, mchezo unaendelea. Kwetu hapana. Kwetu Kocha hachukui mpira wa mtu. Ukichoka unashuka mwenyewe kwenye kichuguu, unatembea mpaka alipo, unamwekea mpira mkononi, na mbele ya wenzako wote unasema, "Nimeshindwa." Hilo neno, si jingine. Si nimechoka, si naumwa. Nimeshindwa. Anasema linajenga uanaume. Watoto wenyewe, masikini, wanajivunia utaratibu huo kama nishani, na wanawasimulia wa timu nyingine.

Mimi nilijulia kwenye nguo. Nilikuwa naloweka jezi, nikashika ya Kombeo, harufu ikanipiga puani: dawa ya kuchua, ile kali ya wazee wa mgongo. Nikanusa mkono wa kushoto, hakuna kitu. Nikanusa wa kulia, machozi yakanitoka. Jioni hiyo tukiwa mezani nikamwangalia, ameshika kijiko kwa kushoto.

"Mbona leo unakula kwa mkono huo?"

"Mazoezi, mama. Mrushaji mzuri anajua mikono yote miwili."

Baba yake akacheka, akampiga bega, na niliona mtoto anauma meno. Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma, ule wavu mkubwa wa nyuma ya uwanja ni kazi yake, na mapenzi yake kwa timu hiyo hayana dawa. Nilipomvuta pembeni akaniambia nisitie mchanga kwenye kitumbua cha mtoto, fainali ya kombe ni Jumapili, na Mwenye Kofia anakuja. Baada ya hapo apumzike hata mwaka.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa Kocha. Mchana ana duka la vipuri vya pikipiki. Nilimkuta anampimia mteja mnyororo, na hakuuweka chini kwa ajili yangu.

"Kocha, mkono wa mwanangu unauma."

"Amekuambia?"

"Jezi yake imeniambia."

Akacheka, akamgeukia mteja ili naye acheke. "Dada yangu, watoto wote wa mchezo huu wanaumwaumwa. Mimi simlazimishi mtu. Akiona hawezi, ataniletea mpira, atasema neno lake, atakaa kwenye benchi. Hakuna atakayemcheka."

"Kuna aliyewahi kulisema?"

Alikumbuka kumbuka, kisha uso ukamchanua. "Hakuna hata mmoja."

"Na hilo halikushtui?"

"Linanifurahisha, mama Kombeo. Nimelea wanaume."

Nikamwambia ajue kwamba nimelea mimi, yeye anatumia tu. Akasema nikija siku nyingine nimletee jezi zilizobaki. Nilitoka pale, nikapita kona mbili za kuingilia nyumbani bila kuziona.

Kombeo nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa chini akiegemea ukuta wenye mraba wake. Hakuwa anarusha. Alikuwa anaugeuza mpira mkononi tu, taratibu. Nikakaa karibu naye, nikamwambia ninajua, asinifiche, Jumapili ampe Kocha mpira mapema au asianze kabisa.

"Nimpe mpira mbele ya Mwenye Kofia?" akasema. "Niseme nimeshindwa, mbele yake?"

"Si neno tu hilo, mwanangu?"

"Mama, si neno tu. Atasema sina moyo. Mkono unaouma wanautibu, asiye na moyo hawamtaki." Akaniangalia. "Nimetupa mpira kwenye huu ukuta tangu sijui kuandika vizuri. Nimebakiza Jumapili moja. Niachie hiyo moja tu."

Ungenijibia nini? Nilimshika kichwa, nikaingia ndani kukunja nguo za watu.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali, na Kombeo alipumzishwa. Msidhani ni kwa huruma. Alitunzwa kwa ajili ya mgeni. Akarusha Kijiti, mechi nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kijiti ana miaka kumi na minne, mrefu, mwembamba, ukimtazama ubavuni unaweza kumkosa. Anampenda Kombeo mpaka anatembea kama yeye. Alirusha mpaka jua likaanza kushuka, na alipomaliza wakambeba juu, na kila walipomtikisa alikuwa anaukumbatia mkono wake wa kulia. Nilidhani anacheka. Pengine alikuwa anacheka kweli.

Jumapili uwanja ulijaa. Wadhamini chini ya turubai na maji yao baridi, sisi wengine kwenye mabenchi ya mbao na jua letu. Mwenye Kofia alikaa nyuma ya wavu alioutengeneza mume wangu, ameshika kile kidude cha kupima mwendo wa mpira. Kombeo alianza vizuri, tena vizuri mno. Wenye gongo walikuwa wanajizungusha kama watu wanaofukuza nyuki, na mume wangu alikuwa amesimama juu ya benchi, mtu mzima na nywele zake za mvi. Mimi sikutazama mipira. Nilitazama mkono. Kila baada ya kurusha aliuacha ukining'inia, akafunguafungua vidole, akavifunga. Kisha mipira ikaanza kudondoka kabla ya kufika. Mmoja, halafu mwingine. Mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma na glavu, alikimbia mpaka kichuguuni wakanong'ona, akarudi ameinamisha kichwa.

Kocha alisimama pembeni, mikono nyuma. Akapaza sauti ili wote tusikie. "Kombeo, uko sawa?"

Benchi zima la watoto likamgeukia. Mwenye Kofia akainua macho. Sasa nyinyi watu wazima niambieni, mtoto wa miaka kumi na saba atajibu nini hapo?

"Niko sawa, Kocha."

Na yule mtu akatugeukia sisi wazazi, akafungua viganja vyake, kana kwamba anasema, si mmemsikia wenyewe.

Mbele yangu mwuza maji alikuwa amekalia stuli ya plastiki. Nikamwambia, "Samahani, kaka, inuka," na sijui aliona nini usoni mwangu, aliinuka. Nikaichukua, nikavuka mstari wa chokaa, nikatembea juu ya nyasi mpaka katikati. Mwamuzi alipiga kelele. Mume wangu aliniita kwa jina ambalo haniiti mbele ya watu. Nilifika kichuguuni, nikaweka stuli yangu mbele ya mwanangu, nikakaa, nikalaza mikono mapajani kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati.

Watu walicheka, bila shaka. Mmoja akapayuka kwamba mama naye anataka kurusha.

"Mama, toka," Kombeo akasema kwa sauti ya chini. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. "Nakuomba. Unaniua."

"Toa mpira kwanza."

"Mama."

Kocha akaja mwenyewe, ananong'ona meno ameyabana. "Mama Kombeo, unawaharibia watoto mchezo."

"Chukua mpira, niondoke."

"Mimi sichukui mpira wa mtu. Analeta mwenyewe, anasema neno."

"Neno lenu nalijua. Nimeshindwa. Haya, nimelisema, tena mbele ya wadhamini. Nimeshindwa kufua damu za watoto kwenye nguo, nimeshindwa kunusa dawa ya vikongwe kwenye shati la mwanangu. Chukua mpira."

"Wewe si mchezaji. Haihesabiki."

Haihesabiki, jamani. Nilikaa pale nikaona kwamba mtu huyu angeweza kubishana nami mpaka jua lizame na asijione ana kosa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatabasamu, akajitoa pembeni, akasema kwa upole wa mtu anayetoa sadaka, "Sawa. Mzazi hataki, sisi hatumlazimishi mtu. Kijiti, njoo wewe."

Kijiti aliruka kutoka kwenye benchi kabla jina halijaisha. Alikuja mbio, meno yote nje. Lakini mkono mmoja tu ndio uliokuwa unapiga mbio, wa kulia ameubana ubavuni. Kombeo alimwona. Nilikuwa karibu, niliona anavyomwona.

"Kijiti, mkono vipi?"

"Niko sawa," Kijiti akajibu.

Neno lile lile, na sauti ile ile. Mwanangu akafumba macho kidogo. Halafu akashuka kichuguuni, akapita pembeni yangu, akamwekea Kocha mpira mkononi. Wenzake walisimama wote, maana hakuna aliyekuwa amewahi kuona jambo hilo kwa macho. Kocha akainamisha sikio, anangoja.

"Sema."

"Rusha wewe," Kombeo akasema.

"Unasemaje?"

"Sijashindwa, Kocha. Wangu unauma tangu mwezi uliopita na unajua. Wa Kijiti unauma, na unajua. Wako ni mzima. Rusha wewe."

Mtoto mmoja kwenye benchi alicheka, akaziba mdomo haraka. Kocha alibadilika rangi, akaukaza mpira kwenye ngumi mpaka nikadhani atampiga nao mtu. Nami nikajiambia, amekwisha leo, hana pa kujificha. Nilijidanganya. Akamgeukia Kijiti, akamkabidhi mpira, akamfuta vumbi begani.

Na Kijiti akaupokea. Alipanda kichuguu akinipita kwa adabu, akasema, "Samahani, mama." Walinzi wawili wakaninyanyua mimi na stuli yangu kama fenicha, wakanitua nje ya chokaa. Mchezo ukaendelea. Kijiti alirusha kwa ule mkono, na unajua nini? Walishinda. Kombe wakalibeba. Mwenye Kofia aliteremka mpaka uwanjani, akamshika Kijiti bega, akaongea naye muda mrefu. Kombeo alikuwa amekaa peke yake kwenye ncha ya benchi, na yule bwana alipita mbele yake kama anavyopita mbele ya ndoo.

Njiani mume wangu hakutaka kutembea nasi. Kombeo alitembea hatua kadhaa mbele yangu, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Usidhani nakushukuru," akasema.

"Sitaki shukrani zako. Naitaka mikono yako miwili."

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari alikibonyeza kiwiko, akapiga picha, akaeleza kwa maneno marefu. Mimi nilishika yale mafupi: kuna kitu kimechanika ndani, apumzike mwaka mzima, na hata baada ya mwaka asiahidiwe kitu. Kombeo alisikiliza kama anasomewa habari za mtu mwingine. Kisha akauliza swali moja tu. Je, kama angeacha mwezi uliopita?

"Mwezi uliopita?" Daktari akavua miwani. "Mwezi uliopita ungepumzika wiki chache, ukarudi kucheza."

Tulitoka mpaka nje ya geti. Alisimama kando ya barabara, mkono kwenye kitambaa cha hospitali, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake nilimwona hajui miguu yake inaelekea wapi. Kisha akasema, "Twende kwa kina Kijiti."

Mama yake Kijiti ni msusi, anasukia sebuleni kwake. Tulimkuta na mteja kichwa nusu, chanuo mdomoni, na redio inaimba. Kijiti alikuwa ndani amelala; amelala tangu jana, alisema mama yake, si unajua uchovu wa ushindi. Akatuonyesha viti. Nilipoanza kusema nilichokuja kusema, alitoa chanuo mdomoni.

"Kocha ametoka hapa sasa hivi," akasema. "Amekaa hapo hapo ulipokaa wewe. Yule bwana wa klabu anamtaka mwanangu arushe tena Jumamosi, amwone vizuri. Na Kocha ameniambia mtakuja."

"Dada, nisikilize. Mkono wa Kijiti—"

"Nilikuona jana na stuli yako. Kila mtu alikuona. Wa kwako amekosa, nimesikitika, nami ni mzazi. Lakini usiniletee wivu nyumbani kwangu siku ambayo Mungu ametukumbuka. Tena Kocha hamlazimishi mtu, nimemuuliza mwenyewe."

Nilimwangalia, nikaiona furaha yake, ilikuwa furaha yangu ile ile ya wiki zilizopita, na hakuna mtu duniani ambaye angeninyang'anya mimi ile kwa maneno.

Kombeo akainuka. Akafungua kitambaa cha hospitali kwa mkono wa kushoto na meno, akakiacha kianguke. Mteja aligeuza kichwa chake cha nusu kutazama. Mwanangu akasogea mpaka mbele ya yule mama, karibu kabisa, akamwamkia kwa heshima, kisha akamwelekezea mkono wake wa kulia.

"Mama," akamwambia, "nisaidie kuunyoosha."

Yule mama akaushika kwa mikono miwili, akauvuta taratibu, akaendelea kuvuta, na mkono haukunyooka.